Tusimfiche Mzazi wa Mikumi Habari za Lenzi

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa Mikumi katika huduma mkoba ya macho. Foleni ilianza kujipanga kabla ya jua kuchomoza, na wengi waliokuwamo walikuwa wazee wenye mtoto wa jicho, kama ilivyo kawaida ya kliniki zetu za mbali na mjini. Ilipokaribia adhuhuri aliingia mama mmoja auzaye vitunguu kando ya barabara kuu iendayo Iringa, amemshika mkono mwanawe wa miaka tisa. Mwalimu alikuwa amemweleza kwamba mtoto hunakili kutoka kwenye daftari la jirani yake kwa sababu maandishi ya ubaoni hayaoni. Nilimpima. Alihitaji miwani ya hasi mbili, yaani dayopta mbili za kurekebisha tatizo la kutoona mbali. Tulimpatia, akatoka nje, akasimama mlangoni akiitazama milima kana kwamba imeletwa usiku uliopita.

Mama aliniuliza swali moja tu: "Daktari, hakuna njia ya kuyazuia macho yake yasizidi kuharibika?"

Nikamjibu, "Hapana, mama. Ni miwani tu, nasi tutaiongeza nguvu kila itakapohitajika."

Jibu lile halikuwa la kweli, na nilipokuwa nikilitoa nilijua hivyo. Nilikwisha kusoma tafiti za lenzi zinazovaliwa juu ya jicho, ambazo wengi huziita kontakti lenzi, zilizobuniwa mahsusi kupunguza kasi ya tatizo hilo kwa watoto. Lakini nilijiambia kwamba lenzi hizo Mikumi hazipo, bei yake haibebeki, maji safi hayana uhakika katika kila kaya, na kwamba kumtajia mtu kitu asichoweza kukipata ni kumtonesha kidonda. Nikaona ni huruma kunyamaza.

Mwaka huu nilimwona mtoto yule tena, safari hii Kilosa mjini. Ana miaka kumi na miwili, na miwani yake sasa ni hasi tano. Mama alikuwa amesikia habari za lenzi kutoka kwa ndugu yake aishiye Dar es Salaam. Hakunigombeza. Alisema kwa sauti ya chini, "Daktari, ungeniambia tu. Kushindwa ningeshindwa mwenyewe."

Ninaandika makala haya kwa sababu ya sentensi hiyo. Sidai kwamba kila mtoto wa Kilosa avalishwe lenzi maalumu. Nitaeleza kwa nini hilo lingekuwa kosa. Ninachodai ni kwamba sisi watoa huduma hatuna haki ya kumwamulia mzazi, kwa kunyamaza, kwamba elimu fulani si ya watu wa kwao. Wajibu wetu ni kumweleza yote, kwa mpangilio ulio sahihi, kisha kumsindikiza katika lile aliloweza.

Jicho linalorefuka

Mtoto asiyeona mbali, mara nyingi, jicho lake limerefuka kupita kiasi. Mtoto mchanga huzaliwa na jicho lenye urefu wa takriban milimita 17 kutoka mbele hadi nyuma, na la mtu mzima hufikia milimita 23 au 24. Ukuaji huo ukipita mpaka, taswira ya kitu kilicho mbali huundwa mbele ya retina, yaani lile tabaka la nyuma linalopokea mwanga, badala ya kutua juu yake. Milimita moja ya ziada huweza kuleta tofauti ya takriban dayopta mbili na nusu. Kwa hiyo miwani inapopanda kutoka hasi mbili hadi hasi tano, jicho lenyewe limenyooka kwa zaidi ya milimita moja, na likishanyooka halirudi.

Hapa ndipo ulipo uzito wa jambo lenyewe. Miwani humrudishia mtoto uoni wa ubaoni, lakini haiufupishi mwili wa jicho. Retina iliyovutwa huwa nyembamba. Mtu mwenye hasi sita na kuendelea hubeba hatari kubwa zaidi ya retina kubanduka, ya kuharibika kwa sehemu yake ya katikati tunayoitumia kusoma na kutambua nyuso, na ya ugonjwa wa presha ya macho. Madhara haya huweza kuja akiwa mtu mzima mwenye familia ya kulisha. Watafiti Mark Bullimore na Noel Brennan walikadiria mwaka 2019 kwamba kupunguza ongezeko la tatizo kwa dayopta moja tu kunaweza kupunguza kwa asilimia 40 uwezekano wa kupata uharibifu huo wa katikati ya retina. Dayopta moja si kitu kidogo, basi. Mwanangu wa Mikumi alipoteza tatu.

Lenzi hizi hufanya nini?

Mwaka 1977, Torsten Wiesel na Elio Raviola walieleza kwamba nyani wadogo walioshonwa kope walirefuka macho. Ilidhihirika kwamba ukuaji wa jicho hauongozwi na urithi peke yake. Taswira inayoingia nayo huongoza. Majaribio yaliyofuata, ya vifaranga vya kuku na ya nyani, yalionyesha kwamba mwanga unapotua nyuma ya retina, jicho hurefuka kuufuata, na unapotua mbele yake, mwendo huo hupungua. Tena ilibainika kwamba hata pembezoni mwa retina, mbali na katikati tunapotazamia, pana usemi katika ukuaji huo.

Miwani ya kawaida huweka mwanga sawasawa katikati, lakini kwenye pembe za retina huweza kuuacha nyuma kidogo. Lenzi maalumu ilibuniwa kuliziba pengo hilo. Katikati yake kuna duara linalorekebisha uoni wa mbali. Duara hilo limezungukwa na pete kama za mchoro wa shabaha: baadhi huendelea kurekebisha uoni, na nyingine huutua mwanga mbele ya retina kwa tofauti ya dayopta mbili. Mtoto huona ubao vizuri, na wakati uleule jicho lake hupokea ishara ya kupunguza mwendo.

Nicola Anstice na John Phillips wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, walichapisha mwaka 2011 matokeo ya lenzi ya namna hiyo kwa watoto. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya miaka mitatu ya lenzi iitwayo MiSight, ambayo huvaliwa siku moja na kutupwa. Ikilinganishwa na lenzi ya kawaida, ongezeko la namba lilipungua kwa asilimia 59, na kurefuka kwa jicho kukapungua kwa asilimia 52. Mwezi Novemba mwaka huohuo mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani iliiidhinisha kwa watoto wanaoanza wakiwa na umri wa miaka 8 hadi 12. Mwaka 2020 utafiti mwingine wa Marekani, uliohusisha watoto 294 na lenzi za aina tofauti kidogo, ulionyesha kwamba katika miaka mitatu waliovaa lenzi yenye nguvu kubwa ya ziada waliongezeka dayopta 0.60, ilhali waliovaa lenzi za kawaida waliongezeka 1.05.

Tuyasome matokeo haya kwa utulivu. Lenzi haiponyi, hairudishi nyuma kilichokwisha kuongezeka, wala haimhakikishii mtoto mmojammoja kiwango cha faida. Na utafiti wa MiSight ulifanyika Singapore, Kanada, Uingereza na Ureno. Hakuna kituo cha Afrika kilichoshiriki.

Pingamizi la wenzangu

Nilipowaeleza wenzangu kisa cha mama wa Mikumi, daktari mmoja ninayemheshimu alinijibu: "Tuna watoto wasio na hata miwani ya kawaida, wewe unazungumzia lenzi za matajiri?" Pingamizi hilo lina nguvu, nami nitalipa haki yake.

Utafiti uliofanywa katika shule za sekondari za Jiji la Mwanza na kuchapishwa mwaka 2002 uliwapima wanafunzi 2,511. Takriban 6 kati ya kila 100 walikuwa na tatizo la kutoona mbali, na miongoni mwa wenye matatizo ya kurekebishwa kwa miwani, ni takriban 3 tu kati ya 10 waliokuwa nayo. Tangu hapo mengi yamebadilika. Tangu Januari 2016 elimu ya sekondari hadi kidato cha nne hutolewa bila ada, na watoto wengi zaidi wa Kilosa na Mikumi hukaa darasani miaka mingi zaidi wakiyatumia macho kwa kazi za karibu. Hilo ni jema kwa taifa, ila lina deni lake machoni.

Wilaya ya Kilosa, kwa miaka mingi, imezoea kuyazungumza macho kwa habari za mtoto wa jicho, trakoma na usubi. Mtoto asiyeona mbali hana jicho jekundu, halii maumivu, wala hatongwi tongo. Hukaa kimya nyuma ya darasa na kuitwa mzito wa kuelewa. Kumtafuta huyo ndiyo kazi ya kwanza.

Kisha kuna hesabu ya lenzi zenyewe. Mtoto azivae siku sita kwa wiki, walau saa kumi kwa siku. Kwa macho mawili ni lenzi 624 kwa mwaka, na tiba huenda ikahitajika kwa miaka kadhaa. Lenzi haivaliwi kwa mikono michafu, hailaliwi, hairudiwi kesho yake ikiwa ni ya siku moja, na haiguswi na maji ya bomba, ya kisima wala ya mto. Ndani ya maji huweza kuishi kidudu kiitwacho akantamiba, ambacho kikiingia kwenye konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, huleta kidonda kigumu kutibika kinachoweza kumwacha mtoto na kovu la kudumu. Bakteria nao huweza kufanya hivyo kwa siku chache. Mtoto avaaye lenzi, jicho lake likiwa jekundu, likiuma au likiukimbia mwanga, lazima aivue mara moja na kuonwa na mtaalamu wa macho siku hiyohiyo. Je, anayeishi ndani ya Mikumi, au kwenye vitongoji vya milimani juu ya Kilosa ambako mvua za masika hukata barabara, anaweza kufanya hivyo? Wengine wanaweza. Wengi hawawezi.

Kwa hiyo ninakubaliana na mwenzangu kwamba lenzi si hatua ya kwanza. Tunapoachana ni pale anapotoka kwenye "si ya kwanza" na kufika kwenye "isisemwe." Kati ya kauli hizo mbili pana bonde, na humo ndimo nilimomtumbukiza mtoto wa mama muuza vitunguu. Kwani kwa kumnyima habari za lenzi, nilimnyima pia yale yaliyokuwa ndani ya uwezo wake.

Mpangilio tunaodaiwa

La kwanza ni kupima. Mwalimu mwenye chati ya herufi na kamba ya mita sita anaweza kutambua wanafunzi wanaohitaji kuonwa na mtaalamu. Asiyesoma mstari unaotakiwa apewe karatasi ngumu yenye kitundu kidogo atazamie humo; akiona vizuri zaidi, yaelekea shida yake itarekebishwa kwa miwani. Matabibu wanaofundishwa Kilosa wenyewe wangepaswa kutoka chuoni wakiwa na ustadi huu mkononi.

La pili ni miwani kamili, tena inayomfikia mtoto. Jaribio lililofanywa katika shule za sekondari za Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2008 lilionyesha kwamba baada ya miezi mitatu, wanafunzi 47 kati ya 100 waliopewa miwani bure waliitumia, dhidi ya 26 kati ya 100 waliopewa cheti wakanunue. Cheti peke yake si huduma. Tena tuachane na desturi ya kumpa mtoto miwani yenye nguvu pungufu "ili macho yasizoee." Utafiti wa Malaysia wa mwaka 2002 uliwapunguzia watoto nguvu ya miwani kwa makusudi, na tatizo lao likaongezeka kwa kasi zaidi. Miwani sahihi haiharibu macho. Mzazi aliyeambiwa na jirani kwamba inaharibu, asikie hilo kutoka kwetu.

La tatu ni nje. Huko Guangzhou, China, shule za msingi ziliongezewa dakika 40 za shughuli za nje kila siku, na baada ya miaka mitatu watoto walioanza kutoona mbali walikuwa asilimia 30.4, dhidi ya 39.5 katika shule nyingine. Taiwan ilianza mwaka 2010 kuhimiza dakika 120 za nje kwa siku, na baada ya hapo kiwango cha wanafunzi wenye uoni hafifu, kilichokuwa kikipanda kwa miaka mingi, kikaanza kushuka. Faida hii ni kubwa zaidi kwa mtoto ambaye tatizo halijamwanza kuliko kwa aliyekwisha kuanza. Kilosa na Mikumi hazikupungukiwa na mwanga wa jua. Kinachopungua ni muda: mtoto wa bweni hutoka darasani kwenda masomo ya ziada, na wa kutwa hurudi nyumbani kukodolea simu. Walimu wakuu wasiifute saa ya michezo mtihani unapokaribia. Hilo halihitaji bajeti.

La nne ni kupima tena baada ya miezi sita na kuandika namba kwenye kadi. Bila kumbukumbu hatuwezi kumtambua anayekimbia. Mtoto anayeongezeka nusu dayopta au zaidi kwa mwaka, hasa aliyeanza mapema au mwenye mzazi asiyeona mbali, apewe rufaa kwa daktari bingwa.

La tano ndipo lilipo neno la tiba maalumu, nalo lisemwe lote. Lenzi za pete zipo, na zinamfaa mtoto ambaye familia yake inaweza kutimiza masharti niliyoyataja. Ipo pia miwani yenye vilenzi vidogo vingi pembezoni mwa kioo, itumiayo kanuni ileile bila kugusa jicho: utafiti wa Hong Kong uliochapishwa mwaka 2020 uliona ongezeko la namba likipungua kwa asilimia 52 katika miaka miwili. Kwa mazingira ya Mikumi, naamini miwani ya aina hii itatufaa mapema kuliko lenzi, kwa kuwa haihitaji maji safi wala haileti kidonda cha konea. Tena yapo matone ya atropini yenye nguvu ndogo, ambayo huko Hong Kong yameonyesha manufaa hasa yakiwa ya asilimia 0.05. Hapa naonya kwa nguvu: atropini ya asilimia 1 iliyozoeleka katika kliniki zetu ni kali mara 20 kuliko hiyo. Isipunguzwe kwa maji nyumbani, wala isitumiwe kwa lengo hili bila usimamizi wa daktari wa macho.

Kwa wenye mamlaka nina ombi fupi. Mwaka 2021 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliweka lengo la kuongeza kwa pointi 40 za asilimia, ifikapo mwaka 2030, idadi ya watu wanaopata marekebisho sahihi ya uoni. Lengo hilo haliwezi kufikiwa kwa kliniki za mijini. Tunapopanga vitita vya bima ya afya kwa wote, miwani ya mwanafunzi ihesabiwe kuwa tiba, na vyuo vikuu vyetu vianze kuzichunguza tiba hizi kwa watoto wetu wenyewe, ili tusiendelee kuazima takwimu za Hong Kong na Singapore.

Kwako mzazi: una haki ya kuuliza namba ya macho ya mwanao, imeongezeka kiasi gani tangu mwaka jana, na ni njia zipi zilizopo, ziwe karibu au mbali. Mtoto mwenye namba kubwa akiona cheche za mwanga, vidoa vyeusi vinavyoelea ghafla au kivuli kama pazia, usingoje siku ya kliniki. Mpeleke hospitali siku hiyo.

Na mama wa Mikumi? Siku ile Kilosa nilimwomba radhi, kisha nikamweleza yote matano, pamoja na bei nilizozijua na hatari zake. Alisikiliza hadi mwisho. Lenzi alizikataa papo hapo: maji ya kwake, alisema, anayajua mwenyewe. Alichagua miwani kamili, saa mbili za nje kila siku, na kurudi baada ya miezi sita. Na kwa ile miwani ya vilenzi, akasema ataongea na ndugu zake waone kama inaweza kuchangiwa. Kisha akanisukumia kadi ya mtoto. "Niandikie majina yake yote, Daktari," akasema. "Baba yake naye atataka kujua."

Nikaandika.